Dereva wa Tambarare

Dar es Salaam haina mlima, na hilo ndilo lililonisaidia. Tungekuwa tunaishi Arusha au Mwanza, au popote ambapo ardhi inapanda na kushuka, jambo langu lingejulikana wiki ile ile. Lakini hapa Kariakoo gari linaweza kutoka Mtaa wa Sikukuu hadi Kivukoni lisikutane na kilima chochote, labda lundo la mchanga mbele ya nyumba inayojengwa. Kwa hiyo Landrova ya Mzee Ravindra ilizunguka mjini miaka minne ikiwa nzima kabisa, na kila ilipotumwa kupanda Lushoto ilikata pumzi njiani, ikakohoa, ikazima.

Mimi ndiye niliyeikata pumzi. Nasema mapema ili msije mkanihurumia bure.

Naitwa Sitara. Nashona foronya na mashuka barazani kwangu, na cherehani yangu inajulikana mtaa mzima kwa kelele zake. Mume wangu ni Sadalla, na Sadalla ni dereva wa Mzee Ravindra, Mhindi wa mboga. Mzee huyu ana ghala nyuma ya soko, akipeleka mboga hotelini na kwenye meli, na yeye na watu wake hawali nyama wala samaki. Gari lake nalo halikula. Mchuuzi wa samaki pale Feri angeweza kulia machozi na changu wake wanaharibika juani, Sadalla asithubutu kumpakia hata mmoja, maana jioni mke wa mzee, Mama Shobhana, alishuka mwenyewe kunusa turubai. Ilikuwa Landrova pikapu ya petroli, ya kijani, na Sadalla aliipenda kuliko watu wengi ninaowafahamu. Ikikohoa mara moja tu, alijua ni plagi ya ngapi.

Miaka ile ya foleni, ambapo sabuni ilikuwa habari na sukari ilikuwa bahati, sisi hatukuwa na shida sana, kwa sababu kila wiki Sadalla alipanda Lushoto kuchukua kabichi na karoti na mapea. Aliondoka alfajiri ya Ijumaa na msaidizi wake Filbert, mtu mzima mwenye watoto wanne, wakarudi Jumapili. Nyumba yangu ilikuwa na viazi wakati wenzangu wanatafuta unga wa yanga, ule wa njano wa msaada. Nilimpenda mume wangu, na nilikuwa najivuna naye, ingawa sikumwambia. Kwetu mwanamke hamwambii mume mambo hayo. Unampikia, unamfukizia nguo udi, unamwekea maji ya kuoga yenye uvuguvugu, naye aelewe. Asipoelewa, basi.

Kisha akaanza kurudi Jumatatu badala ya Jumapili. Alisema barabara imeporomoka, nikakubali. Wiki nyingine akasema kabichi zilichelewa kuvunwa, nikakubali pia. Akawa anarudi na uchangamfu ambao haukuwa wangu, akiimba jikoni wimbo wa Kisambaa ambao maneno yake hayajui vizuri. Hapo nikaacha kukubali, ila sikusema kitu.

Siku moja nilikwenda kufagia gari, kama nilivyozoea, nikakuta nyuma ya kiti kuna kitu kimeviringishwa kwenye gazeti. Lilikuwa sweta la sufu, limefumwa kwa mkono, linanuka moshi wa kuni. Sweta, Dar es Salaam, mwezi wa pili. Nikajiambia juu kule ni baridi, mtu atavaa nini, huenda amelinunua sokoni. Nikalitandaza juu ya boneti kulitazama, na mimi ni mshonaji, jicho langu halitulii. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa vidole viwili.

Sadalla alivunjika mkono wa kushoto utotoni, ukaunga vibaya. Ukimtazama huoni. Miaka yote ninayomshonea kanzu, fundi mwingine yeyote hajawahi kuligundua hilo kwa macho. Kipimo kile hakipatikani mpaka umshike mtu mkono ukiwa umenyooka, kutoka begani hadi kwenye kifundo, taratibu, na yeye awe ametulia. Nilikaa ndani ya gari lile na sweta mapajani nikalia mpaka adhana ya alasiri. Kisha nikalipeleka kwa ombaomba wa msikitini, ambaye alinishangaa kwa joto lile lakini akalipokea.

Sadalla hakuliulizia. Alilitafuta, nilimwona akiinua kiti, kisha akakishusha na kuja kula. Mimi nilimuuliza Filbert kwa mzaha mzaha ni nani anayewapikia chai huko juu, naye bila kuwaza akasema ni Severa, mjane mwenye kihoteli pale magari yanapopakia mboga. Akasema ni mtu mwenye huruma. Nikamwambia Mungu amzidishie.

Ningeweza kugomba. Wanawake wa mtaa wetu wanagomba vizuri, na mimi mdomo ninao. Lakini sikulelewa kugombania mwanamume. Mama yangu alituambia mwanamke anayemlilia mume mbele ya mume amejivua nguo sokoni, na mimi nilimeza maneno hayo utotoni yakanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa hiyo nikamchukia Severa kimyakimya, na kimyakimya nikamtamani mume wangu mwenyewe, ambaye alikuwa analala shubiri moja kutoka kwangu.

Njia aliionyesha Hamis, mdogo wangu, bila kujua. Hamis ni fundi magari, ana uwanja wake mtaa wa Gerezani chini ya bati mbili, na magari yote ya Mzee Ravindra anayatengeneza yeye. Alikuja siku moja kula kwangu akawa anasimulia jinsi matajiri walivyobana petroli. Wanakuja kwake, wanamwambia atie washa, kile kibati cha duara, yenye kitundu kidogo ndani ya nati ya bomba la mafuta, pale linapoingia kwenye kabureta. Mafuta yanapita machache, dereva hawezi kukimbiza gari, petroli ya wiki inafika wiki mbili. Hapa mjini gari linakwenda salama tu, alisema Hamis, ila ukilipandisha mlima mrefu, injini inataka mafuta mengi na mafuta hayaji. Linazima. Ukilipumzisha linawaka, unakwenda hatua mbili, linazima tena. Akacheka. Akasema Mzee Ravindra peke yake ndiye aliyekataa washa hiyo, kwa sababu gari lake linapanda Lushoto.

Mimi sikucheka. Nilimwongezea wali. Wiki ile ile nikaenda Gerezani, nikamwambia ninachotaka. Hamis alinitazama kama mtu aliyeombwa aibe. Alisema hawezi, tajiri anamwamini, shemeji yake anamwamini. Nikamwambia sijawahi kumwomba kitu tangu mama afe, na nikamwambia kuhusu mkono wa sweta. Akawa anafuta spana ambayo ilikuwa safi.

"Dada," alisema, "hili likishaingia, usiniambie tena habari zake."

Ijumaa iliyofuata Landrova ilizima kona ya pili kutoka Mombo. Walihangaika nayo mpaka jioni, wakaisukuma, wakaipumzisha, wakapakua hata matenga matupu. Ilirudi Dar ikiwa haina kitu, na ilipofika tambarare ya Segera ikawa inakwenda vizuri kabisa. Mzee Ravindra aliipeleka kwa Hamis. Hamis akabadilisha plagi, pointi, pampu, akasafisha tangi, akafanya kila kitu isipokuwa kufungua nati ile moja, na akawa hathubutu kunitazama. Waliijaribu kwenye kilima kifupi cha Pugu, ikapita. Wakaipeleka Lushoto, ikazima. Mara ya tatu ikazima tena, mzee akachoka. Akaona afadhali akodi lori la watu wengine limteremshie mboga, na Sadalla abaki na kazi za mjini, stesheni na bandarini na hotelini.

Nilichokitaka nilikipata. Mume wangu akawa anakula chakula cha mchana nyumbani kila siku ya Mungu. Anaegesha gari mbele ya baraza, ananawa, anakaa mkekani, ninampakulia. Ilikuwa miaka minne, na mwanzoni nilikuwa na furaha ambayo naona haya kuisimulia. Nilikuwa naacha cherehani saa tano na nusu nisikilize mlio wa Landrova ikikata kona. Nilijua kuitofautisha na magari mengine yote ya mtaa. Binti yetu Ummy, aliyekwisha kuolewa Bagamoyo, alikuja kunitembelea akasema mama umenenepa.

Ila Sadalla alikonda. Mtu aliyepanda milima miaka kumi, mkimweka kwenye njia ya kutoka Kariakoo kwenda stesheni na kurudi, mnamtia kwenye chupa. Madereva wenzake pale sokoni walimpachika jina, Dereva wa Tambarare. Akipita wanamuuliza kama ameliona lile tuta la Msimbazi, kama gari litalimudu. Wengine walisema kwa sauti kwamba gari halina ubovu, ubovu uko kwa anayelishika. Sadalla alikuwa anacheka nao, akija nyumbani hasemi. Nyimbo ziliisha. Jioni alikaa barazani akitazama mwisho wa mtaa, ambako hakuna kitu cha kutazama isipokuwa mikokoteni.

Nilijiuliza mara nyingi jambo moja, nikaliacha. Mtu huyu anajua ubovu wa gari kwa kikohozi. Kwa nini hajawahi kufungua bomba lile mwenyewe? Nikajijibu kwamba anamwamini Hamis, na kwamba tajiri hataki dereva aguse injini. Jibu lilinifaa, sikulichimba zaidi.

Halafu mambo yakafunguka. Mnayajua, mliyaona. Maduka ambayo yalikuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa mpaka milangoni, mitumba ikamwagwa Kariakoo nzima, na magari ya Kijapani yakaanza kushuka bandarini. Hoteli zikataka mboga ambazo sisi hatukuzijua, na zinataka zifike asubuhi zikiwa mbichi, hazitaki kungoja lori la watu. Mzee Ravindra alikuwa amezeeka, kazi akamwachia mwanawe Gaurav, kijana mstaarabu lakini mwenye haraka. Gaurav aliitazama Landrova mara moja. Akasema haiwezekani kuwa na gari la mboga lisilofika kwenye mboga. Ijumaa itapanda Lushoto kwa mara ya mwisho. Isipofika, inauzwa chuma chakavu, yeye anachukua pikapu ya dizeli na dereva wake. Sadalla akauliza na mimi je. Gaurav akasema kwa adabu kwamba atazungumza na baba.

Sadalla alinieleza hayo akiwa anakula, kama anasimulia habari za mtu mwingine. Nilitaka kusema kitu nikampa maji.

Kesho yake, Jumanne, alimaliza kula akatoka, lakini sikusikia gari kuwaka. Nikachungulia dirishani. Alikuwa amekaa ndani ya Landrova iliyozimwa, macho amefumba, mikono kwenye usukani. Anazungusha usukani polepole kulia, anakanyaga klachi, anarudisha gia, anazungusha kushoto. Nikaona midomo inahesabu. Nilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anapanda. Alikuwa anazijua kona zote za mlima ule kwa moyo, moja baada ya nyingine, na alikuwa anazipanda mbele ya nyumba yangu, kwenye mchanga wa Mtaa wa Sikukuu, gari halisogei.

Niliumia kuliko siku ya sweta. Siku ya sweta nilijionea huruma mimi. Siku hii nilimwona yeye, nikaona nilichomfanya. Nilimpenda mtu anayepanda milima, nikamkata miguu ili asiondoke, na sasa nimebaki na mtu aliyekatwa miguu. Kama ni Severa aliye mwisho wa kona zile, basi na awe Severa. Afadhali anitoke akiwa mzima.

Nikavaa baibui nikaenda Gerezani wakati huo huo. Hamis aliponiona akaweka spana chini.

"Itoe," nikamwambia.

Hakuuliza. Jumatano mchana Sadalla alipopeleka gari kubadilisha oili kwa ajili ya safari, Hamis aliitoa. Aliniambia baadaye kwamba aliitupa kwenye mtaro na akajisikia kama mtu aliyetoka jela. Aliniomba nimwambie shemeji ukweli, na kama mimi siwezi, yeye yuko tayari kumwambia. Nikamkataza. Nilisema gari likipanda, Sadalla atafurahi, kazi yake itabaki, hiyo inatosha, ya nini kufukua. Ukweli ni kwamba niliona haya. Ningeanzaje? Ningemwambia nini mtu aliyechekwa miaka minne kwa ajili ya wivu wangu?

Alhamisi Sadalla aliendesha gari mjini kutwa. Mchana alikuja kula, na hakula. Alikuwa ananitazama. Mimi nikawa najitia kazi, nafuta hiki, napanga kile.

"Hamis alifungua nini jana?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi sijui mambo ya magari. Akasema haya. Akanitazama tena, akanawa mikono ambayo haikugusa chakula, akaenda zake. Nikadhani ni hofu ya safari. Nikadhani pia anamuwaza mtu wa juu, na moyo ukanichoma, nikauambia utulie.

Ijumaa alfajiri nilimfungia chapati na maharage kwenye kitambaa. Filbert alikuwa tayari garini, injini inanguruma. Sadalla alipokea chakula, hakuondoka. Alisimama mlangoni, amevaa shati nililomshonea mwenyewe, mkono wa kushoto mfupi kama unavyotakiwa. Alisimama mpaka nikaanza kuona aibu ya majirani.

"Mama Ummy," alisema, "huna neno?"

"Neno gani tena? Nenda, watu wanakungoja."

Akasema sawa. Akasema nibaki salama. Gari likaondoka, na hata mimi nisiyejua magari nilisikia kwamba lilikuwa na sauti nyingine, pana, iliyojaa. Nilibaki mlangoni mpaka likaishia, na nilikuwa nalia, na nilikuwa najisifu. Nilijiona mwanamke mkubwa kwa nilichokifanya.

Siku zile mbili sikushona kitu cha maana. Nilishona foronya tatu nikazifumua. Jumapili niliosha nyumba, nikapika wali wa nazi na kisamvu, nikafukiza udi ambao nilikuwa nimeuweka kwa ajili ya Idi. Nilikuwa nimeamua jambo. Akirudi akiwa na furaha, hata kama furaha ni ya mwingine, nitakaa naye mkekani nimwulize habari za mlima, kona kwa kona, na nitamsikiliza. Sikuwahi kumuuliza hata siku moja. Saa kumi alasiri nikasikia Landrova. Ilikuwa nzito, imeshiba. Nikajifunga kanga vizuri nikatoka.

Filbert ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Nyuma kulikuwa na kabichi mpaka juu ya turubai, na kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

Nilidhani amekufa. Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa mdomo wangu, amekufa? Filbert akasema hapana, shemeji, yuko mzima, hebu tukae. Tulikaa barazani kwenye kiti cha cherehani na ngazi, na Filbert, ambaye leseni yake ya udereva ilikuwa imekaa sandukuni miaka mingi bila gari, alikuwa amechoka kwa safari ile ndefu. Alinieleza taratibu.

Walipofika Mombo, kabla ya kuanza kupanda, Sadalla alisimamisha gari. Alifungua boneti, akachukua spana, akaenda moja kwa moja kwenye nati ya bomba la mafuta. Akaifungua, akatia kidole ndani, akatazama. Akasimama pale na spana mkononi, Filbert alisema, muda wa mtu kumaliza sigara. Kisha akaifunga, wakapanda. Gari lilipanda kama liko tambarare, kona zote, bila kukohoa hata mara moja, na Filbert alikuwa anashangilia peke yake. Severa alitoka kihotelini kwake akawaona, akashika mdomo, akaleta chai. Mboga zikapakiwa Jumamosi. Jumapili alfajiri Sadalla akampa Filbert funguo, akamwambia yeye harudi, na akampa maneno aniletee. Alimwambia ayarudie mara mbili ili asiyapoteze.

Filbert akayasema akiwa ametazama chini, kama anasoma.

"Mwambie Mama Ummy nilijua tangu safari ya pili. Niliifungua ile nati pale pale Mombo nikaiona, nikajua ni mkono wa Hamis na nikajua nani kamtuma. Nikairudisha mwenyewe. Nilisema, kumbe huyu mwanamke ananitaka namna hii, basi na nikae. Nilikaa kwa moyo mmoja. Sasa ameitoa, nilimuuliza mara mbili, hakuwa na neno. Nimeelewa. Mwambie simlaumu."

Filbert aliniuliza ni kitu gani hicho kilichokuwa kwenye nati. Nilikuwa natazama mbele ya baraza, pale ambapo gari lilikuwa linaegeshwa kila mchana, na nilikuwa naona miaka minne yote upya, moja moja. Anakuja kula akijua. Anachekwa sokoni akijua. Ufunguo wa mlima uko kwenye kisanduku chake cha spana, anauacha humo, ananawa, anakaa mkekani kwangu. Wote wawili tulikuwa tunapendana ndani ya nati moja ya gari la watu, na hakuna aliyefungua mdomo. Na siku ile nilipomwona anapanda mlima wa hewa, macho amefumba, huenda alikuwa anauaga. Sijui. Sikumuuliza.

Nilimpa Filbert chakula kile chote. Alikula kwa aibu, kisha akasema lazima awahi ghalani, bosi mdogo anangoja mboga. Nikamuuliza anapanda tena lini. Akasema Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, hoteli zimeagiza nyingine. Nikamwambia kiti cha mbele asimpe mtu.

Leo ni Jumatatu. Hamis amekuja, nimemsimulia, amelia kuliko mimi. Anasema nimwache ashike njia aende yeye, mwanamke wa heshima hawezi kumfuata mume mpaka kwenye kihoteli cha mwanamke mwingine, watu watasema. Watasema kweli. Nimefunga mzigo mdogo, na cherehani nimeifunika.

Nitamkuta pale kwenye magunia ya mboga, na huyo Severa atakuwepo, na wachuuzi wote watakuwepo, nami nitasimama mbele yao nimwambie kwamba niliitoa kwa sababu sikuweza kumwona anakauka, si kwa sababu nimemchoka. Nitamwambia ninamtaka. Miaka ishirini na moja ya ndoa sijawahi kulitamka neno hilo, na usiku kucha nimelijaribu peke yangu chumbani, linatoka vibaya. Akikataa kushuka nami, nitashuka peke yangu. Lakini atakuwa amelisikia kwa mdomo wangu.